KIOO KINAKUTAZAMA! Kamera na vihisi sasa vyajificha chini ya uso wa simu

OKTOBA ya mwaka 2019 huko Uingereza ilizuka kasheshe moja ambayo kama ingetokea uswahilini kwetu, basi mtaa mzima usingelala. Mama mmoja alikuwa na simu yake ya Samsung Galaxy S10, simu ya bei mbaya, ile ambayo alama ya kidole inasomwa juu ya kioo chenyewe. Akaibandika protekta ya mpira laini aliyoinunua kwa bei poa mtandaoni. Kidole alichosajili kilikuwa kimoja tu, dole gumba la kulia. Siku ya siku akajaribu la kushoto, simu ikafunguka. Akamwita mumewe naye ajaribu. Ikafunguka kiulaini kabisa!

Toba! Hebu piga picha, mpenzi msomaji. Simu ambayo ndani yake mna hela, mna siri, mna meseji za watu wa kila aina, inafunguliwa na dole gumba la yeyote apitaye. Habari ilitoka kwenye gazeti la The Sun na ikasambaa dunia nzima. Benki moja ya Korea Kusini iitwayo KakaoBank ikawaambia wateja wake wazime kwanza ufunguo wa kidole. Samsung wenyewe wakakiri kwamba kihisi cha simu kilikuwa kinasoma michoro ya ile protekta na kudhani ndiyo alama ya kidole cha mwenye simu. Mwezi huohuo wakatoa marekebisho ya programu, mambo yakatulia.

Nimekiweka kisa hicho mbele kwa makusudi. Siku hizi mtu akinunua simu anaangalia kioo kimejaa vipi, kimepinda vipi, kinang'aa vipi. Hajiulizi chini ya hicho kioo kuna nini. Kumbe kuna vijitu vimejibanza humo, vingine vinakugusa, vingine vinakutazama. Wiki hii tuvifunue.

KWA NINI VIJIFICHE?

Zamani kidogo uso wa simu ulikuwa kama uso wa nyumba, kila kitu unakiona. Juu kulikuwa na spika ya kuweka sikioni, kamera ya selfi, kihisi cha kupima mwanga, na kihisi kingine kinachozima kioo ukiiweka simu shavuni ili shavu lisikate mazungumzo. Chini kulikuwa na kitufe. Kioo kilikaa katikati, kidogo, kama dirisha la duka la mangi.

Halafu yakaja mashindano. Kila kampuni ikataka kioo kijae uso mzima. Sasa vile vijitu vya juu viende wapi? Hapo ndipo mafundi wakaanza kuhangaika kama mpangaji aliyepewa notisi.

Mwaka 2016 Xiaomi wa China walitoa Mi Mix, iliyochorwa na Mfaransa Philippe Starck. Kamera ya mbele waliihamishia chini kwenye kidevu, hivyo ukitaka selfi ya maana unaipindua simu kichwa chini miguu juu. Spika ya sikioni wakaitoa kabisa, mwili wa simu ukawa ndio unaotikisika na kutoa sauti.

Mwaka 2017 Apple wakaja na iPhone X yenye pengo jeusi juu ya kioo, ambamo vifaa vya kutambua sura vimekaa. Watu wakalicheka pengo lile kama wanavyomcheka mtoto aliyeng'oka jino. Haukupita muda waliocheka nao wakang'oa la kwao.

Mwaka 2018 Vivo wakaleta NEX S, ambayo kamera yake inachomoza juu mithili ya kobe atoaye kichwa, ikimaliza kazi inarudi ndani. Oppo nao na Find X yao wakaifanya sehemu nzima ya juu ipande na kushuka. Watu walishangilia, lakini injini inayopandisha kamera inakula nafasi, na kitu chochote kinachotembea ndicho kinachoingiza vumbi na kuchakaa. Desemba mwaka huohuo Samsung wakatoa Galaxy A8s yenye tundu dogo tu kwenye kioo. Tundu hilo ndilo lililoshinda, na mpaka leo simu nyingi unazoziona mkononi mwa watu zina tundu.

Ila wabunifu hawakulala. Walijiuliza, hivi kwa nini tutoboe kioo wakati tunaweza kuiweka kamera nyuma yake? Juni 2019 kwenye maonyesho ya simu mjini Shanghai, Oppo wakaonyesha simu ya majaribio ya namna hiyo. Septemba 2020 ZTE wakatangaza Axon 20 5G, simu ya kwanza kutengenezwa kwa wingi ikiwa na kamera iliyojificha chini ya kioo.

MCHEZO WA CHANDARUA

Unaweza kuuliza, kamera itaonaje kupitia kioo ambacho chenyewe kinawaka? Swali zuri sana, na jibu lake liko kitandani kwako.

Ukiwa ndani ya chandarua unaona mtu akipita nje. Chandarua si kioo, ni nyuzi zenye nafasi. Mwanga unapita kwenye nafasi, nyuzi zinauzuia kidogo tu. Kioo cha simu za kisasa cha aina ya OLED nacho ni hivyohivyo. Kimejengwa kwa vidoto vidogo mno viitwavyo pikseli, kimoja chekundu, kingine kijani, kingine bluu, na kila kimoja kinajiwakia chenyewe. Kati ya kidoto na kidoto kuna upenyo. Kamera inachungulia hapo.

Kile kioo cha zamani cha LCD hakiwezi mchezo huu kirahisi. Pikseli zake hazijiwakii, zinategemea taa na karatasi za kusambaza mwanga zilizowekwa nyuma yake. Kuweka kamera nyuma ya LCD ni sawa na kuchungulia nje wakati dirisha limezibwa kwa godoro. Shika neno hilo, tutalirudia tukifika kwa fundi.

KIDOLE KINASOMWAJE?

Kati ya vyote vilivyojificha, kisoma alama ya kidole ndicho kilichofanikiwa zaidi. Simu ya kwanza sokoni kuwa nacho chini ya kioo ilikuwa Vivo X20 Plus UD, mwanzoni mwa mwaka 2018. Leo kimeshuka hadi kwenye simu za bei ya kati.

Kuna aina mbili. Ya kwanza inatumia mwanga. Unapogusa, kioo kinawaka kwa nguvu chini ya kidole chako. Mwanga unagonga ngozi na kurudi ndani, na kijikamera kilichojibanza chini kinapiga picha ya matuta na mabonde ya kidole. Ndiyo maana usiku gizani unaona pale mahali panang'aa ghafla kama kurunzi.

Ya pili inatumia sauti ambayo sikio la binadamu haliisikii. Simu inatuma mlio, mlio unagonga kidole, mwangwi unarudi. Penye tuta la ngozi mwangwi unarudi tofauti na penye bonde lenye hewa, na simu inachora ramani ya kidole chako kwa huo mwangwi. Popo naye hutumia mwangwi kujua mbele yake kuna nini. Galaxy S10 ya yule mama ilikuwa ya aina hii, na sasa unaelewa protekta ilivyoharibu kazi. Ule mpira wenye michoro yake ulikaa katikati ya mlio na kidole, simu ikausoma mpira badala ya mtu.

Vihisi vingine navyo vimehamia chini. Kile cha kupima mwanga, ambacho ndicho kinachopunguza ung'aavu ukiingia gizani, simu nyingi zimekificha nyuma ya kioo. Kile cha kuzima kioo ukiongea, Apple walikisukuma chini ya kioo kwenye iPhone 14 Pro ya mwaka 2022 ili lile pengo lao lipungue. Hivi havina makuu. Havihitaji kuona sura ya mtu, vinahitaji tu kujua kama kuna mwanga ama kuna kitu karibu.

KAMERA NDIYO KIMBEMBE

Kamera sasa, huyo ndiye bibi harusi asiyependa shela. Inataka mwanga mwingi na inataka mwanga safi. Chini ya kioo vyote viwili ni haba.

Tuanze na wingi. Juu ya kamera kuna tabaka za kioo, nyaya nyembamba, utando wa metali na karatasi ya kuzuia mng'ao wa jua. Kila tabaka linachukua chake, kama hela ya mirathi inavyopita kwa wajomba. Watafiti wa Microsoft walipopima vioo viwili vya OLED mwaka 2020, kimoja kilipitisha takriban asilimia 20 tu ya mwanga, na kingine hakikufika asilimia 3! Tena plastiki inayobeba pikseli kwenye vioo vingi ina umanjano, inameza rangi ya bluu, kwa hiyo sura ya mtu inatoka kama ana homa ya manjano.

Usafi nao ni balaa. Chukua mwavuli mweusi usiku, ufungue, tazama taa ya mbali kupitia kitambaa chake. Utaona taa imeota mikono, imekuwa msalaba wa nuru. Mwanga ukipita kwenye vitundu vidogo vilivyopangika unapinda na kutawanyika. Ndicho kinachotokea chini ya kioo. Taa nyuma ya mgongo wako inageuka kimwondo, na uso unakuwa na ukungu kana kwamba umepigwa picha jikoni kuni zikiwa mbichi.

Wabunifu wakafanya nini? Njia ya kwanza waliyojaribu ilikuwa kupunguza idadi ya pikseli pale juu ya kamera ili nafasi iongezeke. Kamera ikafurahi, lakini mwenye simu akaona kiraka. Kwenye ukurasa mweupe pale mahali paliparuzika kama suruali iliyotiwa kiraka cha rangi tofauti. Axon 20 ya ZTE ilikuwa na pikseli 200 kwa kila inchi pale juu ya kamera. Axon 30 ya mwaka 2021 ikapanda hadi 400, kiraka kikafifia. Siri yao ni kuzifanya pikseli ziwe ndogo badala ya kuzipunguza, na kuzisogeza pembeni nyaya zinazoziendesha. Isitoshe, pikseli zikiwa chache kila moja inalazimika kuwaka kwa nguvu zaidi ili kufanana na wenzake, na anayefanya kazi ya watu wawili huzeeka mapema.

Samsung walikuja na dawa nyingine Agosti 2021 kwenye Galaxy Z Fold3, ile simu ya kukunjwa kama kitabu iliyouzwa Marekani kwa dola 1,799. Waliitoa ile karatasi ya kuzuia mng'ao na kuweka utaratibu mwingine, wakasema mwanga unaopita umeongezeka kwa asilimia 33. Kamera waliyoificha ilikuwa ya megapikseli 4 tu, lakini kila pikseli yake ilikuwa kubwa. Wazo lenyewe ni la mama yeyote anayekinga maji ya mvua ya rasharasha. Hatandazi vikombe kumi, anaweka beseni lenye mdomo mpana.

Kinachobaki anaachiwa fundi wa mwisho, nayo ni programu. Picha mbaya inaingia, programu iliyofundishwa kwa picha nyingi inakisia picha nzuri ingekuwaje, inafuta ukungu na kurudisha rangi. Angalia neno nililotumia, inakisia. Selfi yako ya chini ya kioo kwa kiasi fulani ni sura yako, na kwa kiasi fulani ni makisio.

MWENYE NYUMBA KARUDI NYUMA

Sasa sikiliza hii. Samsung waliing'ang'ania ile kamera ya megapikseli 4 kwenye Fold4, Fold5 na Fold6, miaka minne mfululizo. Julai 2025 ilipotoka Fold7, wakaitupa. Wakarudi kwenye tundu la kawaida na kamera ya megapikseli 10.

Unaona funzo lake? Urembo ulipambana na kazi, kazi ikashinda. Watu walipenda kioo kisicho na doa kwa dakika tano za dukani, halafu wakaishi miaka miwili na selfi zenye ukungu. Hili si la simu peke yake. Wangapi wamenunua viatu kwa kuvitazama, wakaja kulia kwa kuvitembelea?

Lakini tusizike mapema. Nubia, walio ndugu wa ZTE, waliendelea, na Z70 Ultra yao ya mwishoni mwa 2024 haina tundu wala pengo. Januari 2025 Lenovo walionyesha huko Las Vegas kompyuta ya mapajani ya Yoga Slim 9i yenye kamera ya megapikseli 32 chini ya kioo.

Kuna sababu moja ya kuipenda kazi hii ambayo haihusiani na urembo. Ukiongea na mtu kwa simu ya video, unatazama macho yake kwenye kioo, lakini kamera iko juu. Yeye anakuona umeangalia chini kama mtu mwenye deni. Wale watafiti wa Microsoft ndicho walichokuwa wanakitafuta. Kamera ikikaa nyuma ya kioo, palepale uso wa mwenzio ulipo, mtatazamana macho kwa macho. Kwa mtu mwenye mama yake kijijini na yeye yuko Muscat ama London, hilo si jambo dogo.

ANAYEKUONA WEWE HUMUONI

Haya, tufike kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Juni 2016 Mark Zuckerberg, bosi wa Facebook, alipiga picha ofisini kwake, na watu wenye macho makali wakaona kwamba kamera ya kompyuta yake imezibwa kwa kipande cha gundi ya karatasi. Bilionea wa mitandao anaziba kamera! Yeye anajua anachokijua. Ile gundi ya karatasi ndiyo ulinzi rahisi kuliko wote. Haihitaji elimu, haihitaji chaji, haidanganyiki.

Sasa niambie, kamera ikiwa chini ya kioo unabandika wapi? Utaziba kioo unachokisoma? Na kwanza utajuaje ilipo, wakati sifa yake kubwa ndiyo hiyo ya kutoonekana?

Kamera za kuchomoza, ambazo watu walizicheka, zilikuwa na heshima moja. Mwaka 2018 baadhi ya watumiaji wa Vivo NEX waliona kamera inajitokeza yenyewe wakati hawajapiga picha yoyote. Kumbe programu fulani za kwenye simu zilikuwa zinaiita kamera kimyakimya. Wenye programu wakajitetea kwamba hawakurekodi kitu. Yawezekana. Lakini tungejuaje kama ile kamera isingenyanyua kichwa? Simu nyingine zote zilizokuwa na programu hizohizo hazikusema lolote.

Ni kweli kuna kinga. Tangu iOS 14 ya mwaka 2020 kwenye iPhone, na Android 12 ya mwaka 2021 kwenye nyinginezo, kamera ikiwashwa alama ya kijani inatokea juu ya kioo. Kidoti hicho kidogo ukikiona hujapiga picha wala simu ya video, shituka! Lakini kidoti ni programu, na simu za zamani hazina. Ndiyo maana nasema kificheni kisoma kidole, kificheni kipima mwanga, hakuna ugomvi. Kamera, hapana, labda wenye kampuni waweke taa yake inayowaka kwa umeme uleule wa kamera, ambayo hakuna programu inayoweza kuizima. Jicho linalotazama watu lijulikane lilipo. Hata mlinzi wa getini anavaa sare.

MKASA WA KWA FUNDI

Mwisho kuna la mfukoni. Simu yako ya OLED yenye kisoma kidole chini ya kioo imeanguka, kioo kimepasuka. Fundi anakutajia bei mbili, kioo orijino bei ya juu, na kingine "kilekile tu" bei ya chini. Unachukua cha chini. Ukirudi nyumbani kidole hakisomi ng'o! Unamlaumu fundi kaiba kifaa.

Mara nyingi hakuiba. Alichokufungia ni kioo cha LCD, na unakumbuka godoro dirishani. Kisoma kidole bado kipo palepale, ila mwanga haukifikii tena. Kwa hiyo kabla hujatoa hela muulize fundi kioo ni OLED au LCD, na ukishafungiwa sajili kidole upya ukiwa umesimama hapohapo. Protekta nayo usichukue yoyote. Ukishaibandika, futa kidole cha zamani na usajili upya, kisha mpe rafiki ajaribu cha kwake. Kikifungua, ing'oe protekta na urudi kwenye namba ya siri mpaka upate nyingine.

Na huduma zako za hela usiziachie kidole peke yake. Namba ya siri iwepo, tena isiwe mwaka wako wa kuzaliwa ambao mtaa mzima wanaujua.

Wiki ijayo panapo majaliwa tutazungumzia chaja za bei chee zinavyoua betri. Mpaka hapo, ukitaka kuipenda simu yako, ipende ukijua macho yake yako wapi.